Nzi Huyu Ni wa Nani?

Mamangu alipasua pera kwa kisu cha kumenyea ndizi, akaliangalia, kisha akanisogezea mkononi bila neno. Ndani mlikuwa na mabuu wanne weupe. Mmoja alijikunja, akajiachilia, akaruka hadi mezani. Wakikomaa hufanya hivyo. Wanatafuta udongo wa kujificha wageuke kuwa nzi.

"Si hawa ndio unasomea Nairobi?"

"Ndio hao, baba."

"Haya. Niambie huyu ni wa nani."

Kabla hujafikiri nimechanganya wazazi: kwa Ekegusii, baba ni mama. Baba mzazi ni tata. Mwaka wangu wa kwanza wa chuo wasichana wa hosteli walinicheka wakakaribia kuanguka vitandani, kwa sababu nilisema kwenye simu "Bwakire, baba," na sauti ya mwanamke ikanijibu. Neno ni lilelile, herufi ni zilezile, na maana imeenda njia yake.

Na hilo swali la "wa nani" si mzaha wa mathe. Kwetu ni dakika 20 kwa boda kutoka Keroka, mji uliokalia mpaka wa Kisii na Nyamira kiasi kwamba hata kaunti zenyewe hugombana kuhusu nani achukue ushuru wa soko. Ukikutana na mzee kwenye njia hiyo, jina lako haliulizi kwanza. Anauliza wewe ni wa nani. Ukimtaja babako, anataka babake. Ukimtaja babu, anataka nyumba, halafu ukoo. Anapanda hivyo hivyo mpaka afike kwa mtu anayemjua, ndipo anaachia mkono wako.

Nilimwambia mathe sijui. Mabuu wa nzi wa matunda wanafanana mno. Labda wafugwe mpaka wawe nzi kamili, au niwabebe maabara nisome DNA yao.

"Miaka sita ya karo," akasema, akatupa pera kwenye ndoo ya rangi na kubana kifuniko.

Lakini sikuwa nimekuja ushago kwa sababu ya mapera. Jumamosi hiyo ya Desemba kulikuwa na kikao cha shamba. Shamba lenyewe ni kama ekari moja na nusu, chai upande wa juu, upande wa chini miparachichi ambayo tata alipanda miaka mitatu kabla hajafariki. Tata alikufa mwaka 2021. Ng'ambo ya ua wanaishi wa nyumba ile nyingine, watoto na wajukuu wa mke mwenza wa nyanya mkubwa wetu, na tangu tata azikwe wamekuwa wakisema kwa sauti jambo ambalo zamani lilisemwa kwenye busaa tu: kwamba babu yetu hakuwa mtoto wa mwenye shamba. Kwamba sisi tumekalia ardhi ya watu.

Jumatano, nikiwa bado Nairobi, binamu wa upande ule alinitumia meseji: "Cuzo, we si uko lab ya DNA? Kuja na hiyo mashine Saturday tumalize hii story. Damu haidanganyi." Akaweka emoji tatu za kucheka.

Sikucheka. Nilikaa nayo mpaka usiku, kwa sababu kusema kweli, sehemu yangu ilitaka kujua.

*

Wacha nieleze kwanza ninachofanya, maana nyumbani wanadhani nina mashine ya kusoma damu kama ya kupima sukari.

Mimi ni wa nzi. Na hata hapo watu huchanganya. Vile vinzi vidogo vinavyozunguka ndizi mbivu jikoni ni familia tofauti kabisa, wale wa Drosophila. Hao ndio maarufu duniani. DNA nzima ya Drosophila melanogaster ilichapishwa mwaka 2000, kabla ya ile ya binadamu, na ushahidi unaonyesha asili yake ni kusini mwa Afrika, ndipo akafuata watu na matunda yao hadi kila jikoni la dunia. Hawa wa mathe ni wakubwa zaidi, wana mabawa yenye michoro, na jike ana kisu nyuma. Anatoboa tunda ambalo bado halijaiva, anaweka mayai chini ya ganda, anaenda zake. Wewe unaona pera zuri la nje.

Mtego tunautundika mtini. Ni chupa ya plastiki yenye dawa ya harufu inayovuta madume. Wakishaingia ninawaweka kwenye kichupa cha spiriti, na maabara ninakata mguu mmoja tu. Mguu unatosha. Kutoka humo tunatoa DNA, tunanakilisha kipande kimoja mara mamilioni, kisha tunakisoma. Mara nyingi ni kipande cha herufi 658 cha jeni iitwayo COI, ambacho wanasayansi wamekubaliana kukitumia kutambulisha wanyama. Herufi ni 4 tu, A, C, G na T. Matokeo yanakuja kwenye kompyuta kama mtu amelala juu ya kibodi.

Halafu unaanza kulinganisha. Hapo ndipo watu hunipotea, mpaka nikagundua njia ya kueleza kupitia sanduku la magokoro.

Magokoro ni nyanya, mamake tata. Chini ya kitanda chake kuna sanduku la bati lenye programu zote za mazishi ya ukoo, zile karatasi za kukunja zenye picha ya marehemu mbele na historia yake ndani. Zote zilichapwa kwenye saiba moja pale Keroka. Na unajua vile huwa: hakuna anayeandika upya. Unafungua ile ya mwisho kwenye kompyuta, unabadilisha jina na tarehe, unaprinti.

Programu ya babu, ya mwaka 2009, ina kosa moja. Badala ya "alijaliwa watoto" imeandikwa "alijalwa watoto". Ya shangazi, 2014, ina "alijalwa" hilohilo, na juu yake kosa jipya: mwaka wa kuolewa kwa magokoro, 1954, umekuwa 1945. Ya tata ina makosa yote mawili. Lakini kuna programu ya nne, ya mzee wa nyumba ile nyingine aliyefariki mwaka 2012, na hiyo ina "alijalwa" peke yake.

Sasa bila kumuuliza mtu, unajua. Ya tata ilinakiliwa kutoka ya shangazi. Ya shangazi na ya yule mzee zote zimetoka kwa ya babu, kila moja kwa njia yake. Umechora mti.

Na angalia kilichokusaidia. Zote zimeandika "mpendwa" vizuri, lakini hiyo haikwambii kitu, kila anayejua Kiswahili ataandika "mpendwa" vizuri. Undugu unaonekana kwenye kosa jipya ambalo wawili wanalo kwa pamoja na wengine hawana. DNA ni hivyo hivyo. Kila kizazi kinanakili herufi kutoka kwa kilichotangulia, mara mojamoja A inakuwa G, na kosa hilo linarithiwa. Kompyuta inapitia maelfu ya herufi ikitafuta mti ambao unaeleza makosa hayo vizuri zaidi. Kisha inarudia hesabu mara mia au elfu kuona kila tawi linasimama imara kiasi gani. Kuna matawi yanayosimama kila mara. Mengine yanatikisika, na mtu mkweli anaandika hivyo.

*

Hadithi ninayoipenda katika kazi hii ni ya nzi yuleyule aliyekuwa kwenye pera la mathe, au ninayeshuku ndiye.

Mwaka 2003 watafiti wa icipe, kile kituo cha utafiti wa wadudu kule Kasarani, walikuta nzi mgeni pwani ya Kenya. Hakuwa kwenye orodha ya nzi wa Afrika. Kabla watu hawajamaliza kuulizana, alikuwa ameenea nchi baada ya nchi, kwenye maembe, mapera na kila tunda laini. Mwaka 2005 Richard Drew, Kenji Tsuruta na Ian White walimpa jina rasmi, wakisema anapatikana pia Sri Lanka: Bactrocera invadens. Mvamizi.

Jina likaanza kufanya kazi. Mwaka 2007 Afrika Kusini ilifunga mlango kwa avokado za Kenya kwa kumhofia. Mwaka 2014 Kenya yenyewe ikasimamisha kupeleka maembe Ulaya kwa sababu ya nzi wa matunda, na biashara hiyo haikurudi mpaka 2021. Ukimwona mkulima anatazama ajenti akikataa kreti zake kwa neno moja, "nzi", ujue neno hilo lina safari ndefu nyuma yake. Mathe amekataliwa hivyo mara mbili. Mara ya pili hakuonyeshwa hata tunda moja bovu.

Shida ni kwamba mvamizi alifanana sana na nzi wa Asia aliyejulikana tangu 1912, Bactrocera dorsalis. Rangi mgongoni hazikusaidia, maana hata kwenye kundi moja zilibadilika kutoka nyeusi hadi kahawia. Basi wakasoma herufi. Na zilipopangwa kwenye mti mmoja, wavamizi wetu hawakukaa kwenye tawi lao peke yao. Walisambaa katikati ya wale wa Asia. Wakafungiwa pamoja kwenye vizimba, wakapandana, na watoto wao wakazaa. Hata harufu za madume zililingana. Mwaka 2015 jarida la Systematic Entomology lilichapisha makala ya kundi kubwa la wanasayansi, Mark Schutze akiwa wa kwanza kwenye orodha, ikasema invadens ni dorsalis. Nzi mmoja, majina mawili. Jina changa likafutwa.

Mgusii haelezwi hili mara mbili. Abagirango wako South Mugirango, kaunti ya Kisii. Abagirango wako West na North Mugirango, kaunti ya Nyamira. Katikati kuna koo nyingine, kaunti mbili na magavana wawili. Na bado wakikutana kwenye mahari, wazee watasema hapana, hawa ni wamoja.

Na ukishajua mtu ni wa nani, unajua pa kwenda kuuliza habari zake. Dorsalis alishawahi kuvamia Hawaii miaka ya 1940, na huko wakapata nyigu mdogo, Fopius arisanus, anayetaga ndani ya mayai ya huyo nzi. Mwaka 2006 icipe ilileta nyigu hao Kenya kutoka Hawaii. Jina lilikuwa bado halijasuluhishwa, lakini undugu ulishaonekana, na ndio uliowaambia wapi pa kutafuta adui wake. Nyigu hajali makala.

Kwa hiyo ninapoambiwa damu haidanganyi, mimi ndiye wa kwanza kutaka kukubali. Ninalipwa, kidogo, kwa sababu ya imani hiyo.

*

Ijumaa usiku niliketi na magokoro kwenye nyumba ya moto. Ana miaka inayokaribia 90, na hakubali jiko la gesi. Nikamuuliza bila kuzunguka: babu alikuwa wa nani?

Alinyamaza mpaka nikadhani hajasikia. Kisha akaeleza kama mtu anayesoma bei sokoni.

Mwenye shamba alikuwa na wake wawili. Wa kwanza alizaa wavulana. Wa pili, nyanya mkubwa wetu, alizaa wasichana watano, na mumewe akafa. Kwa desturi, kila mke ni nyumba yake, na ng'ombe wanaoingia binti akiolewa ni wa nyumba ya mamake. Mabinti watano ni ng'ombe wengi. Lakini nyumba isiyo na mwana haina wa kurithi, na ardhi yake inasubiriwa na wengine kama mbwa wanavyosubiri mfupa. Nyanya mkubwa akafanya kile wanawake wa namna yake waliruhusiwa kufanya. Alichukua ng'ombe wa mabinti zake, akaenda kwa watu, akaoa msichana. Alimwolea yule mwana ambaye hakumzaa. Msichana akaja kama mke wa mwana, akajengewa, akazaa mvulana. Huyo ndiye babu.

"Na baba yake?" nikauliza. "Namaanisha yule mwanamume."

"Mwanamume gani?"

"Magokoro, si lazima kulikuwa na mtu."

Akanitazama kwa huruma, ile anayompa mtoto aliyevaa sweta kinyume. "Ng'ombe walitoka," akasema. "Walihesabiwa mchana, watu wakiona. Unataka nini kingine?"

Nikarudi kulala kwenye chumba cha kaka yangu, maana vingine vilijaa wageni. Alikuwa anakoroma. Mswaki wake ulikuwa kwenye kikombe dirishani. Begi langu lilikuwa na vichupa 12 vya spiriti, 11 vya nzi, mmoja wa ziada.

Sitadanganya. Niliuangalia ule mswaki muda mrefu. Najua sheria: maabara yetu haipimi watu, na popote panapopimwa panahitaji ridhaa ya mwenye mate. Najua pia marafiki walio sehemu nyingine. Kromosomu Y hupita kutoka baba kwenda kwa mwana. Kaka yangu anayo ya babu. Binamu wa meseji anayo ya mwenye shamba, kama hakuna aliyeteleza katikati. Ningehitaji watu wawili, wiki chache, na ningejua jambo ambalo magokoro aliniambia si jambo.

*

Kilichonizuia hakikuwa wema. Ilikuwa kazi.

Ile jeni ya COI tunayosoma kila siku iko kwenye mitokondria, na mitokondria tunarithi kwa mama peke yake. Nzi dume anayo, lakini hampi mtoto. Kwa hiyo mti wowote niliouchora kwa COI pekee ni mti wa akina mama. Mti wa akina baba, ukipenda, kwa maana ya Ekegusii. Ni wa kweli kabisa, na haujui lolote kuhusu nusu nyingine ya familia. Ningeweza kusoma COI ya kaka yangu na ya binamu mpaka macho yaume, isiseme neno moja kuhusu shamba. Ingenipeleka kwa mathe, na kwa mamake mathe, watu ambao hakuna aliyewauliza.

Na kuna nzi ambao wametufundisha hili kwa aibu. Katika jamii ya Ceratitis, nzi wa asili wa Afrika, kuna ndugu watatu: fasciventris, anonae na rosa. Madume unaweza kuwatenganisha kwa kuangalia nywele za miguu. Lakini walipopangwa kwa jeni chache, matawi yao yalichanganyikana, kana kwamba majina yalikuwa ya bure. Watu wangeishia hapo wangesema hawa ni mmoja, kama invadens. Walipoendelea kusoma sehemu nyingi zaidi za DNA kwa pamoja, mwaka 2013, wakaona makundi 5. Rosa mwenyewe alikuwa wawili: mmoja wa joto la pwani, mwingine anayevumilia baridi ya milimani. Yule wa pili alipewa jina mwaka 2016, Ceratitis quilicii, kumkumbuka mwanasayansi Serge Quilici wa kisiwa cha Réunion.

Hiyo ndiyo sentensi ambayo msimamizi wangu hunirudishia kwenye kila rasimu: mti wa jeni moja si mti wa spishi. Jeni moja ina historia yake. Familia ina jeni maelfu, kila moja imefika kwa njia yake, na nyingine zimeingia kupitia mlango ambao hakuna aliyeuandika. Swali la kwanza kwa mtu yeyote anayekuja na mti ni: umesoma nini, na ulikuwa unauliza nini?

Niliulaza mswaki kichwani mwangu nikaugeuza. Tuseme Y zisilingane. Ingesema tu kile magokoro ameshasema bila mashine. Tuseme zilingane, na ingewezekana, maana mara nyingi mwanamume huyo alitoka papo hapo ukooni. Je, ndipo tungekuwa wa hapa? Kwa bahati ya mtu aliyepita usiku, kuliko kwa ng'ombe waliohesabiwa mchana?

Nikalala.

*

Kikao kilikuwa chini ya mparachichi mkubwa, viti vya plastiki kwa wazee, sisi kwenye nyasi. Chai ikapita. Binamu alikuwa amevaa koti. Alizungumza vizuri, siwezi kumnyima hilo. Akasema dunia imeendelea, hakuna haja ya kubishana kwa mdomo, na bahati nzuri tuna msomi wa DNA hapahapa nyumbani. Wote wakanigeukia.

Nikasimama. Nikauliza wanataka nipime nini.

"Kama marehemu alikuwa wetu," mzee mmoja akasema.

Nikawaambia mashine haijui "wetu". Inaweza kusema kama mstari wa kiume wa watu wawili umetoka kwa mtu mmoja. Ng'ombe haiwaoni. Nikawaambia kuhusu nzi mmoja wa majina mawili, na nzi wa jina moja waliokuwa wawili, na kwamba makosa yote hayo yalifanywa na watu wenye digrii. Nadhani niliwapoteza kwenye mitokondria. Mzee wa mbele alisinzia. Nikamalizia kwa kusema kwamba anayetaka kupima apime na nyumba zote, mpaka juu, kila mwana na babake, tuone nani atabaki na shamba. Hapo waliamka wote, na kuna waliocheka bila kuangaliana.

Magokoro hakuwa ameombwa kuzungumza. Alitoa karatasi kwenye kitambaa chake. Programu ya 2012, ya mzee wa nyumba ile, babu wa huyu binamu mwenye koti. Akanipa nisome. Nikasoma mpaka mahali pameandikwa kwamba marehemu "alijalwa watoto tisa", na mstari wa chini yake, kwamba alitanguliwa na "ndugu yake mpendwa", kisha jina la babu yetu.

"Mliandika nyinyi," magokoro akasema.

"Hiyo ni karatasi tu, magokoro," binamu akajibu.

Mzee aliyekuwa amesinzia akafungua jicho moja. "Hata hiyo DNA yako italetwa kwa karatasi."

Ningependa kusema mambo yaliishia hapo. Kikao kiliahirishwa hadi Januari, safari hii mbele ya chifu, na binamu alisema wazi kwamba ana wakili Kisii mjini. Usiku huo nilimtumia kaka yangu uamuzi wa Mahakama Kuu ya Mombasa wa mwaka 2011, ambapo ndoa ya mwanamke kwa mwanamke ya desturi ya Wanandi ilikubaliwa kwenye kesi ya urithi. Sisi si Wanandi. Lakini ni pa kuanzia, nami nimezoea kuanzia kwa jamaa wa karibu. Akajibu kwa dole gumba. Sijui kama aliusoma.

Jumapili asubuhi, kabla ya matatu ya Nairobi, niliteremsha mtego kutoka kwenye mpera. Madume saba. Niliwaweka kwenye kile kichupa cha kumi na mbili, nikaandika lebo kwa penseli, maana wino huyeyuka kwenye spiriti: mahali, tarehe, mti, mkusanyaji. Mathe alisimama nyuma yangu na ndoo yake ya mapera mabovu, ameifunga vizuri anaenda kuiweka juani, kama nilivyomwonyesha, ili wanaotoka wafe humohumo.

"Umejua sasa ni wa nani?"

"Bado. Nikifika nitasoma."

Akainama, akavaa miwani ya tata, akafuata herufi zangu kwa kidole. Kwenye mstari wa mahali nilikuwa nimeandika jina la kijiji, kisha Nyamira, kisha "shamba la" na jina lake.

"Shamba la," akarudia. Akaniuliza kama hiyo itachapishwa mahali. Nikamwambia ndiyo, lebo huenda na nzi kokote anakoenda, na ikiwekwa kwenye hifadhi inakaa miaka mia.

Akanyoosha mgongo, akachukua ndoo.

"Basi andika vizuri hiyo N," akasema. "Inafanana na H."